Barazani kwa Bi Matari: Panga, zumari na nywele za Ghuba

Tangu nidokeze hapa kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye kundi la wanawake wapiga matari wa maharusi, Maskati, barua za ngoma zimenijia mpaka nyingine nimeziweka akiba. Basi leo hakuna ndoa wala mirathi. Ni ngoma za Ghuba tu, na mwenye mume aliyenuna asubiri mwezi ujao.

Shikamoo Bi Matari. Mimi ni kijana wa Likoni, niko Doha kwa kazi ya ulinzi. Tarehe 18 Disemba, sikukuu yao ya taifa, niliona wanaume wamejipanga safu mbili na panga mikononi, wanayumba polepole kama hawataki. Sikuona anayecheza hasa. Hiyo ndiyo ngoma yenyewe? Na mtu kama mimi naweza kuingia? – Mlinzi, Doha

Marahaba mwanangu. Hiyo ni ardha, na ulichokiona ndicho chenyewe. Umekulia kwenye ngoma ya kiuno na miguu, ndiyo maana ukaona watu wamesimama tu. Ulitazama, hukusikiliza. Ardha ni shairi lililovishwa upanga. Mshairi anawapa safu ya kwanza ubeti, wanauimba, safu ya pili inaupokea na kuurudisha, na ukishakolea midomoni ndipo matari yanapoingia. Kule kuyumba ni kushika mizani ya ubeti kwa mabega. Ukielewa hivyo hutatafuta tena nani anacheza vizuri, utatafuta nani katunga vizuri, na wazee wa hapo wanachokigombania wakirudi majumbani ni hicho hicho.

Zamani ilichezwa kabla ya vita, kuwatia watu moyo na kumtisha adui. Siku hizi ni ya sikukuu, harusi na kumpokea mgeni mkubwa. Wasaudia wana yao ya Najd, bara ya kati ya nchi yao, iliyoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2015, na wafalme wao huingia safuni wenyewe. Mei 2017 Rais Trump wa Marekani alipofika Riyadh alishikishwa upanga akayumba nao, dunia ikacheka. Mimi sikucheka. Mgeni akipewa upanga kaheshimiwa, na asiyejua hata ubeti mmoja afanye nini zaidi ya kufuata bega la jirani yake?

Kuingia: kwenye uwanja wa wazi wa sikukuu sijaona mtu mwenye adabu akifukuzwa. Nenda mwisho wa safu, usijipenyeze katikati. Usikate njia baina ya safu mbili, pale ni pa washairi na wapigaji. Upanga usiuguse mpaka upewe. Na kama uko zamu umevaa sare, baki zamu, mwanangu. Mkataba wako hauna kipengele cha ardha.

Bi mkubwa, mimi ni mpambaji na mshereheshaji wa harusi, Tanga. Mteja wangu anataka "usiku wa Dubai" ukumbini, wasichana wacheze ngoma ya tumbo. Nimeambiwa nikuulize nguo zake zinapatikana wapi. – Mpambaji, Tanga

Ngoma ya tumbo ni ya Misri, Sham (Syria na Lebanoni) na Uturuki. Dubai utaiona, ndiyo, kwenye mahoteli na kwenye zile kambi za jangwani wanazopelekwa watalii. Lakini mkalishe bibi wa Ras al-Khaimah umwambie hiyo ndiyo ngoma ya mama yake, kisha utoke mbio.

Mwanamke wa Ghuba hucheza kwa nywele. Anavaa lile vazi pana la kitambaa chepesi kilichotariziwa nyuzi za dhahabu, linaitwa thobe nashal, pana kiasi kwamba upindo wa mbele huushika kwa mkono mmoja asijikwae. Hatua zake ni ndogo, za kuburura, kisigino kikiwa nyuma ya pigo kidogo. Kiuno hakifanyi kazi. Kazi yote iko shingoni: kichwa kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, nywele zinafagia hewa, na mwenye ufundi huzizungusha duara zima bila kuyumba miguu. Mkono mwingine unatulia kifuani. Nywele zimeshafukizwa udi tangu alasiri, kwa hiyo kila anapozirusha harufu inakufikia wewe uliyekaa chini na tari lako mapajani. Katika ayyala, ngoma ya safu na fimbo ya Falme za Kiarabu, wasichana hufanya hivyo mbele ya hadhara, wamesimama mbele ya safu za wanaume. Lakini uhondo wake uko ukumbini kwa wanawake watupu, mlango umefungwa na simu zimeachwa kwa bawabu.

Kwa hiyo mwambie mteja wako atafute nguo pana, wapiga matari watano au sita wa kweli, na wasichana wafungue nywele. Wenye misuko wapewe matari. Wapo wanaovaa nywele za bandia, na hao sitawataja.

Asalaam aleikum Bibi. Mimi ni kijana wa Unguja. Nilikwenda kwa shangazi yangu Sur, Oman, nikakuta harusi ina zumari na ngoma nikadhani niko shamba kwetu. Wanaimba, na maneno mengine ni Kiswahili! Binamu zangu wanasema ni liwa, ngoma yao ya asili ya Kiarabu. Mimi nikawaambia ni yetu, wamepelekewa na wazee wetu waliohama 1964. Tumenuniana. Nani mkweli? – Mjukuu wako, Kikwajuni

Waaleikum salaam. Mmekosea wote wawili, na wewe umekosea zaidi.

Sisi tuliotoka Unguja baada ya mapinduzi, na wale waliokuja baada ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman alipoita watu warudi, liwa tuliikuta. Ilikuwepo Sur, Matrah, Batina yote (pwani ya kaskazini ya Oman), na ng'ambo ya pili Dubai, Bahrain, Kuwait. Tulichokuja nacho sisi ni taarabu, korosho za kukaanga na maneno mengi. Liwa ilishavuka bahari zamani, na waliovuka nayo wengi hawakupanda jahazi kwa hiari yao. Karne ya 19 mitende ya Batina na lulu ya Ghuba vilitafuta mikono, na mikono ikachukuliwa pwani yetu na bara yetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini huku utumwa wenyewe ulichelewa kufutwa: Bahrain 1937, Qatar 1952, Saudi Arabia 1962, Oman 1970. Ukipita Doha ingia nyumba ya makumbusho ya Bin Jelmood, wameyaeleza wazi bila kuzungushazungusha, jambo ambalo majumba mengine ya urithi huku hayajalithubutu. Pamoja na watumwa walikuwepo pia mabaharia huru wa kwenda na kaskazi na kurudi na kusi, nao walibeba ngoma zao. Lakini ukisema mabaharia tu, umewafuta watu.

Sasa ngoma yenyewe, kwa sababu naona ulichukuliwa na maneno hukuitazama. Kabla ya kuanza utaona moto wa makuti pembeni, na ngoma zimeelekezwa nyuso motoni. Ngozi ikilegea kwa umande wa bahari haitoi sauti, inatoa kikohozi. Fundi hupiga kofi moja, anasikiliza, anairudisha motoni. (Siku hizi wapo wanaopashia kwa jiko la umeme nyuma ya gari. Inafaa.) Kisha zumari peke yake. Mpigaji huvuta pumzi kwa pua huku mdomo ukiendelea kupuliza, mashavu yamejaa, sauti haikatiki hata kidogo, na watu bado wanaongea, wanakunywa kahawa, hakuna anayesimama. Halafu msondo unaingia, ile ngoma ndefu inayosimama kwa miguu yake, na chapuo linaijibu, na pembeni mtu ana debe la bati analichapa kwa vijiti viwili bila kupumzika. Hilo debe usilidharau. Ndilo linalowashika wote wasipotee, na akilikosea mpigaji wake hata mara moja wenzake wote humgeukia.

Watu wanaanza kuzunguka, mduara mmoja mkubwa, wapigaji katikati. Hatua ni nzito na za pamoja. Mpiga zumari naye hakai, anatembea ndani ya duara, anamsimamia mchezaji mmoja, anampulizia, anahamia kwa mwingine. Mwendo unaongezeka taratibu mpaka ukishituka mabega yote yanatoka jasho. Na maneno ya Kiswahili uliyoyasikia, wengi wanaoyaimba hawajui tena maana yake. Wameyapokea kwa sauti kutoka kwa wazazi, wakayatunza kwa sauti. Niliwahi kumwuliza mama mmoja wa Batina tafsiri ya kiitikio chake. Akaniambia, "Wewe ndiye Mswahili, wewe ndiye uniambie." Nilisikiliza mara ya pili na ya tatu, nikapata neno moja tu: mama.

Usiichanganye na tanbura, wanayoiita pia nuban. Ile asili yake Sudan, upande wa Nubia. Ina kinubi cha nyuzi sita, na mtu aliyejifunga kiunoni manjur, mkanda ulioshonewa kwato za mbuzi nyingi, akitikisa nyonga zinagongana kama mvua ya mawe juu ya bati. Tanbura na liwa zote mbili zilikuwa na upande wa mapepo na tiba, kama ngoma zetu za pepo, na bado upo kwa wenyewe. Wageni hawakaribishwi huko, nami nisiwapeleke.

Basi liwa ni ya hao wa Sur wanaoicheza, watoto wa watu waliofika nayo. Wao ni raia wa huko na Kiarabu ndicho cha nyumbani kwao. Chimbuko lake ni pwani yetu. Binamu yako aache "asili ya Kiarabu", wewe uache 1964. Na jambo moja nitalisema hata kama litaniharibia mialiko: nimepiga matari kwenye harusi za watu wenye nasaba zao ambao huilipia liwa ije ichezwe uani, wanairekodi, wanaipigia makofi, lakini mtoto wao akikaribia duara anavutwa mkono. Kwa ardha havutwi.

Bibi, mimi nimezaliwa Nizwa, Kiswahili changu cha kujifunza kwa mama, nisamehe. Babu mzaa baba hucheza razha kila Idi na hurusha upanga juu. Ukianguka ni mkosi? Na kwa nini kuna wakati wanacheza na ngoma na wakati wanatembea bila ngoma? – Msichana, Nizwa

Kiswahili chako kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Si mkosi, ni aibu, na aibu ya uwanjani hudumu mpaka Idi nyingine. Upanga unarushwa ukiwa unatetemeka, unazunguka hewani na lazima ushuke mpini mkononi. Babu yako akiudaka bila kutazama juu muda wote, mpigie kigelegele kwa niaba yangu.

Razha ni ya Oman ya kaskazini na ya bara. Ngoma zake ni mbili, kasir ndogo yenye sauti kali na rahmani kubwa ya chini, na wapigaji hutembea baina ya safu. Ilikuwa ya kuita watu vitani, kutangaza ushindi, hata kusuluhisha, maana washairi hujibizana hapo hapo, huyu anauliza kwa fumbo na yule lazima afumbue kwa mizani na vina vile vile. Tazama pia wale wawili wenye panga na ngao ndogo ya duara wanaozungukana. Hawachezi ovyo. Kila mmoja anatafuta kugusa kidole gumba cha mkono wa kushoto wa mwenzake, na akigusa, kashinda. Wakati mwingine hakugusi mtu mpaka mzee mmoja aingie kati awatenganishe.

Hiyo ya kutembea bila ngoma ni azi. Mshairi mmoja yuko mbele na upanga na ngao, anaghani kwa sauti kavu, kila anaposita anautikisa upanga, na wanaume nyuma yake wanamwitikia. Ni ya sifa, ya kabila au ya mtu. Ilisajiliwa UNESCO 2012. Ukitaka kujua kama mshairi anaaminika, sikiliza waitikiaji: wakiitika kabla hajamaliza, wameshamchoka.

Bi Matari, hivi ayyala ni ya Oman au ya Imarati? Ofisini tunagombana. – Karani, Abu Dhabi

Zote mbili. Waliisajili pamoja 2014. Wanaume wana fimbo nyembamba za mianzi badala ya panga, na vichwa vinakwenda pamoja na fimbo. Rudini kazini.

Mimi ni muuguzi kutoka Bujumbura, nafanya kazi Manama. Wagonjwa wangu wazee wananiimbia, na mmoja alinionyesha video ya wanaume wanapiga mitungi ya maji kwa mikono. Mitungi! Ni nini? – Muuguzi, Manama

Dada, wewe umebahatika, wagonjwa wako ni hazina. Hiyo ni fijiri, nyimbo za wazamia lulu wa Bahrain na majirani zake. Mtungi wanauita jahla, wa udongo, unapigwa kwa viganja mdomoni na ubavuni, unatoa sauti mbili. Pamoja nao kuna mirwasi, vile vigoma vidogo vinavyoshikwa mkononi, na matoazi ya shaba, na makofi yaliyopangwa kwa hesabu ambayo mimi mpigaji imenitoa jasho.

Kila chombo cha lulu kilikuwa na nahham, mwimbaji wa kuajiriwa, asiyezamia. Kazi yake ilikuwa kuwainua watu: wimbo wa kuvuta tanga, wa makasia, wa kung'oa nanga. Wengine humwitikia kwa mngurumo wa chini kabisa wa kooni. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani mtu anaumwa, na wewe kwa kazi yako utasimama. Msimu ulikuwa wa kiangazi, miezi minne na ushee baharini, na wazamiaji wengi walirudi na deni kwa nahodha kubwa kuliko waliloondoka nalo. Uchungu wa sauti zile haukuwa wa kuigiza. Baadaye Wajapani wakaanza kufuga lulu, uchumi wa dunia ukaanguka 1929, na 1932 mafuta yakapatikana Bahrain. Vyombo vikabaki pwani, nyimbo zikahamia kwenye nyumba za kukutania wanaume, wanaziita dar, na kwenye mji wa Muharraq, huko huko Bahrain, bado zipo. Fijiri iliingia UNESCO 2021.

Mwulize mgonjwa wako kisa cha majini. Husimulia kwamba watu wa Muharraq walizisikia nyimbo hizi usiku kwenye msikiti wa Abu Subh, zikiimbwa na viumbe nusu watu nusu punda, wakafundishwa kwa sharti la kutotoa siri. Na mwulize kuhusu Salem Allan, nahham wa huko huko. Akikunjua uso ujue dawa imefanya kazi.

Je, taarabu ililetwa Zanzibar na Waomani? – Mwanafunzi, Pemba

Hapana. Aliyeiagiza alikuwa sultani wa ukoo wa Kiomani, Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, lakini aliiagiza Misri, na akampeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze. Kikundi cha Ikhwani Safaa kikafuata 1905. Ala zetu za nyuzi, udi na kanuni, zinatazama Cairo. Maskati ya wakati ule ilikuwa na razha yake na haikutuuzia chochote.

Ngoma hizi ni halali? – Msomaji, Kondoa

Muulize shekhe wako. Mimi nimepiga matari, jibu langu linajulikana.

Habari Bibi. Nina miaka kumi na saba, niko Toronto, wazazi wangu wa Mombasa. Nataka kujifunza muziki wa Ghuba wa udi. Nianzie wapi, ninunue nini? – Kijana, Toronto

Anzia kwenye sawt. Ni muziki wa sebuleni wa Kuwait na Bahrain: mtu mmoja na udi, mirwasi miwili mitatu, makofi, na wanaume wawili wanainuka wanacheza zafan, hatua za kuruka na kuchuchumaa mbele ya mpigaji kisha wanarudi kinyumenyume. Waliouweka sawa wapo kwenye kumbukumbu: Abdallah al-Faraj wa Kuwait, wa karne ya 19, aliyeishi Bombay, na Mohammed bin Faris wa Muharraq, aliyefariki 1947, ambaye sahani zake za santuri zimebaki na sasa zinasikika kwenye intaneti. Ukimaliza hao, msikilize Salim Rashid Suri wa Sur, baharia aliyeimba Bombay na Bahrain kabla ya kurudi Oman 1971. Sauti yake ina chumvi, na mtoto wa Mombasa hatahitaji kufafanuliwa.

Usinunue udi kwanza. Nunua mirwasi mmoja na ukae nao majira ya baridi yote ya huko kwenu. Sawt ina mapigo mawili makubwa, la Kiarabu la hesabu ya sita na la Kishami la hesabu ya nne. Anza na la nne, piga makofi kwanza bila ngoma, halafu piga ngoma huku mwenzako akipiga makofi. Mirwasi una ngozi pande mbili, unaushika kwa mkono mmoja unapiga kwa mwingine, na kamba zake zinakazwa kila mara. Huko kwenu hewa ya ndani ni kavu kwa sababu ya vipasha joto, ngozi itakaza kupita kiasi na kupasuka, kwa hiyo usiuweke karibu na chombo hicho. Ukiwa hutumii legeza kamba. Na kama muuzaji anakuletea wenye uso wa plastiki akasema ni ule ule, mrudishie.